Betri Ikisema Uongo: Namna ya Kuichunguza Laptopu Inayokosea Kiasi cha Chaji

Kabla hujatoa hela ya betri mpya, fahamu kwamba ile asilimia inayoonekana kwenye kona ya skrini ni makadirio. Ndani ya laptopu hakuna kifaa kinachochungulia betri kikaona chaji iliyobaki. Kuna chipu ndogo, imejibanza ndani ya betri yenyewe, inayopiga hesabu na kutoa jibu. Hesabu ikinyooka, unafanya kazi zako kwa raha. Ikipinda, vituko vinaanza: laptopu inajizima ikiwa na asilimia 38, au inang'ang'ania 100 kwa muda mrefu, kisha inaporomoka hadi 20 kabla hujamaliza kikombe cha chai, au inashuka upesi hadi 7, halafu inadumu kwenye hiyo 7 kwa saa nzima kama haina habari.

Wengi wakiyaona hayo hukata shauri kwamba betri imekufa. Huenda imekufa kweli. Huenda pia seli zake ni nzima na kilichoharibika ni hesabu, na hesabu hurekebishwa nyumbani bila kumlipa mtu. Kazi iliyo mbele yako ni kujua umepatwa na lipi, kwa sababu dawa ya moja haitibu jingine. Nitazungumzia zaidi laptopu za Windows, maana ndizo zilizojaa mikononi mwa watu, hasa zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zinazoletwa mitumba baada ya kutumika maofisini huko nje. Wenye Mac na Linux nao hawatatoka mikono mitupu.

Kwanza itazame

Zima laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka, kisha ibonyeze kwenye pembe zake. Ikiyumba ilhali zamani ilikuwa ikitulia, au kifuniko cha chini kimefura, au kile kibao cha kuendeshea kishale kimeinuka na kimekuwa kigumu kubonyeza, betri imevimba. Hapo upimaji unaishia. Betri ya lithiamu iliyovimba ina gesi ndani, na ikitobolewa au ikikandamizwa inaweza kushika moto. Usiichaji tena. Usiitoboe ili "itoe hewa", na usikubali fundi aibane kwa skrubu irudi mahali pake. Itolewe, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na isitupwe kwenye jalala la mtaa ambako takataka huchomwa. Hata kama bado inashika chaji, betri ya namna hiyo imekwisha.

Kama haijavimba, tuendelee.

Hesabu inavyopigwa

Betri nyingi za laptopu zina seli mbili, tatu au nne za lithiamu zilizounganishwa mfululizo. Katika seli nyingi za aina hii, seli iliyojaa huwa na volti zipatazo 4.2, na inapoisha hukaribia volti 3. Ungedhani basi kwamba kujua chaji iliyobaki ni suala la kupima volti tu. Shida ni kwamba katikati, volti za seli ya lithiamu hushuka polepole mno. Tofauti kati ya seli yenye asilimia 60 na yenye asilimia 40 ni ndogo, tena hupanda na kushuka ukifungua programu nzito au joto la chumba likibadilika. Kwa hiyo chipu haiwezi kutegemea volti peke yake. Inahesabu pia umeme wote unaoingia wakati wa kuchaji na wote unaotoka wakati wa matumizi.

Inafanya kama mwenye duka anayeandika kwenye daftari kila mfuko wa unga unaoingia na kila kilo inayotoka. Daftari ni jambo jema, ila makosa madogo hayaandikwi: huku kilo imemwagika, kule mzani umezidisha kidogo. Miezi ikipita, daftari linasema mifuko minane, stoo ina mitano. Dawa yake ni kufunga duka siku moja na kuhesabu mali upya. Kwa betri, hesabu ya mali hufanyika inapojaa kabisa na inapoisha kabisa, kwa kuwa kwenye ncha hizo mbili volti hazina utata. Mtu anayeiacha laptopu kwenye chaja kutwa kucha, au anayechaji vipande vipande kutoka 40 hadi 80 kila siku, haipi chipu nafasi ya kufika kwenye ncha hizo. Makosa yanajilimbikiza, na hakuna anayejua mpaka siku umeme unapokatika katikati ya kazi.

Chipu hutunza namba tatu zinazokuhusu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, uwezo wake wa sasa ikijaa, na chaji iliyobaki. Asilimia unayoiona ni namba ya tatu ikigawanywa kwa ya pili. Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Chukua betri iliyochakaa ambayo sasa inabeba wati-saa 25 tu, lakini chipu bado inaamini inabeba 40. Utakapokuwa umetumia zote 25, chipu itasema zimebaki 15 kati ya 40, yaani kama asilimia 37, na mashine itazimika papo hapo. Chipu haikudanganyi kwa makusudi. Inagawanya kwa namba iliyopitwa na wakati.

Windows yenyewe inasoma tu kile inachoambiwa na betri. Ndiyo maana fundi anayekuambia "tupige Windows upya" kwa tatizo hili anakula hela yako bure. Kilicho cha Windows ni ule muda uliobaki, zile "saa 3 dakika 20", ambazo hukisiwa kutokana na matumizi ya wakati huohuo. Ukifungua video zinapungua, ukisoma waraka zinaongezeka. Apple waliona unachanganya watu, wakauondoa kwenye upau wa juu wa Mac mnamo Desemba 2016. Nawe usihangaike nao. Tatizo letu ni asilimia.

Iulize betri yenyewe

Tangu Windows 8 kuna ripoti ya betri iliyojificha humohumo kwenye mashine, haihitaji intaneti wala programu ya kupakua. Bofya kitufe cha Windows, andika `cmd`, fungua dirisha jeusi linalotokea, kisha andika:

`powercfg /batteryreport`

Bonyeza Enter. Itakutajia mahali ilipohifadhi faili, mara nyingi kwenye folda yenye jina lako ndani ya `C:\Users`. Lifungue faili hilo kwa kivinjari chochote.

Nenda moja kwa moja kwenye sehemu iliyoandikwa "Installed batteries". Tafuta mistari miwili: "DESIGN CAPACITY", ambao ni uwezo wa kiwandani, na "FULL CHARGE CAPACITY", uwezo wa sasa. Yote imeandikwa kwa mWh, na kila mWh 1,000 ni wati-saa moja. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Tuseme kiwandani ilikuwa 48,000 na sasa ni 27,000: imebaki asilimia 56. Kwa maoni yangu, juu ya 80 betri ni nzuri. Kati ya 50 na 80 imezeeka ila bado inafaa kazi. Chini ya 50 anza kuweka akiba ya betri nyingine, hata kama haijakuletea vituko.

Usiishie hapo. Teremka hadi "Battery capacity history", ambako uwezo wa betri umeandikwa kwa vipindi, wakati mwingine kwa miezi mingi nyuma. Jedwali hili ndilo linalosema mengi, na mafundi wachache sana hulitazama. Betri yenye chipu inayofanya kazi vizuri hupungua kidogo kidogo: wiki hii 31,200, baadaye 31,050, kisha 30,800. Ukiona namba imeganda palepale miezi na miezi, hasa ikiwa sawasawa kabisa na ile ya kiwandani kwenye mashine yenye miaka minne, chipu hiyo haijawahi kuhesabu mali. Inarudia ilichoambiwa kiwandani. Ukiona namba imeanguka kutoka 30,000 hadi 18,000 kwa wiki moja, mambo ni mawili: chipu ilikuwa imelala na sasa imeamka ikakuta hali halisi, au seli moja imeharibika ghafla. Kipimo kinachofuata kitakuambia ni lipi.

Wenye ThinkPad kama T470 au T480 wawe macho. Mashine hizo zilitengenezwa kubeba betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, na Windows hukuonyesha asilimia moja ya jumla. Moja ikiwa nzima na nyingine imekufa, jumla hiyo inakuwa mchanganyiko wa ukweli na uongo, na ikifika zamu ya ile mbovu asilimia huruka au mashine huzima. Ripoti huziorodhesha kila moja kwa safu yake, na mara nyingi unagundua kwamba ya kubadilisha ni moja tu, tena ile ya nyuma ambayo haihitaji hata bisibisi.

Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option, fungua menyu ya tufaha, chagua "System Information" kisha "Power". Utaona idadi ya mizunguko ya kuchaji na hali ya betri. MacBook nyingi za miaka ya karibuni zimekadiriwa kuhimili mizunguko 1,000. Kwenye Linux, amri ya `upower -d` inatoa namba zote. Linganisha mstari wa `energy-full` na ule wa `energy-full-design`.

Saa na kalamu

Ripoti inakuambia chipu inaamini nini. Kujua kama imani hiyo ni ya kweli kunahitaji kipimo cha mikono. Chaji hadi mwisho. Punguza mwanga wa skrini hadi nusu. Weka video iliyo ndani ya mashine, siyo ya mtandaoni, ijirudie yenyewe. Chomoa chaja, andika saa na asilimia, kisha andika tena kila baada ya dakika kumi na tano mpaka izime. Uwe umehifadhi kazi zako zote kabla ya kuanza.

Asilimia ikishuka sawasawa hadi mwisho, hata kama safari nzima ni ya dakika hamsini tu, hesabu yako ni sahihi. Betri imechakaa na inakiri yenyewe. Hapa hakuna cha kusawazisha, yaani kuifanya chipu ihesabu mali upya, na atakayekuambia kuna ujanja wa kuifufua, mwache aendelee na safari zake.

Ikishuka upesi hadi karibu na mwisho, kisha ikakaa kwenye 5 au 7 muda mrefu bila kuzima, una bahati. Chipu inadhani betri ni ndogo kuliko ilivyo. Kwa kawaida Windows hulaza mashine inapofika karibu asilimia 5, kwa hiyo umekuwa ukinyimwa chaji uliyo nayo. Hii ndiyo hali pekee ambayo kusawazisha kunakuongezea muda wa kazi.

Ikizima ghafla kwenye 30 au 40, hapo ndipo watu hubahatisha, na hapana haja ya kubahatisha. Usiichomeke kwenye chaja. Subiri dakika mbili tatu, kisha iwashe. Ikigoma kabisa kuwaka, au ikiwaka na kuzima papo hapo, betri ilikuwa imeisha kweli na chipu ilikuwa haijui; hilo husawazishwa. Ikiwaka vizuri, ikakuonyesha ileile 35, ikakaa imetulia huku hufanyi kitu, kisha ikazima tena ukifungua tu kivinjari chenye kurasa kumi au mchezo wa mpira, seli zimechoka. Seli ya zamani huwa na ukinzani mkubwa ndani yake: umeme upo, ila ukiuhitaji mwingi kwa mara moja volti zinazama chini ya kiwango cha usalama na betri inajikata. Na kwa kuwa seli zimefungwa mfululizo, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo huamua mwisho wa safari, hata kama wenzake bado wana nguvu. Hakuna kusawazisha kunakotibu seli.

Ikiwa namba haibadiliki kabisa, umechomoa chaja na saa nzima bado inasema 64, basi mawasiliano kati ya betri na mashine yamekwama. Hili huwa rahisi kuliko linavyoonekana.

Yanayofanana na ugonjwa

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha huuguzi laptopu isiyoumwa. Laptopu iliyochomekwa inayogoma kuvuka 80, au hata 60, mara nyingi imewekewa kikomo na mtu. Lenovo, Asus, HP na Dell wote huweka mpangilio wa kuzuia betri isijae ili iishi muda mrefu. Kwenye baadhi ya mashine uko kwenye programu ya kampuni, kwenye nyingine uko ndani ya BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Baadhi ya mashine zilizotoka maofisini huja na mpangilio huo tayari, kwa kuwa zilikuwa zikishinda kwenye chaja. Usiuondoe kwa pupa. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa anayetumia laptopu mezani kila siku, kikomo cha 80 ni zawadi: joto na kukaa imejaa ndivyo vinavyoizeesha betri ya lithiamu upesi. Vilevile mashine nyingi haziendelei kuchaji mpaka zishuke chini kidogo ya 100, ndiyo maana inaweza kukaa kwenye 97 ikiwa imechomekwa.

Chaja nayo huzua kesi. Laptopu inayotaka wati 65 ikipewa chaja ya wati 45 itachaji kwa kusuasua, na ukifanya kazi nzito asilimia inaweza kushuka ikiwa imechomekwa. Kwa Dell kuna la ziada: mashine zake nyingi huitambua chaja kupitia sindano nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha waya, na ikipinda au chaja ikiwa feki, laptopu huwaka ila betri haichajiwi. Azima chaja ya jirani yenye nguvu ileile kabla hujahukumu betri.

Mambo mepesi kwanza

Kwa namba iliyoganda, anza kwa kuwasha upya kwa "Restart". "Shut down" ya Windows haitoshi, kwa kuwa mara nyingi mashine hailali usingizi kamili. Huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho. Kisha bofya kitufe cha Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Device Manager", fungua "Batteries", bofya kulia juu ya "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery" na uchague "Uninstall device". Usiogope, ukiwasha upya Windows huirudisha yenyewe.

Isipotosha, toa umeme wote uliosalia ndani. Zima, chomoa chaja, chomoa betri kama ni ya kuchomoa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina tundu dogo chini ya mashine. Ukiwa umechomoa chaja, sukuma ndani waya mwembamba wa kubania karatasi kwa sekunde chache. Kinachozaliwa upya hapo ni kidhibiti kidogo kinachosimamia umeme wa laptopu, na kikizaliwa upya mara nyingi huanza tena kuongea na betri.

Watengenezaji hushauri pia kusasisha BIOS, na kweli baadhi ya masasisho hurekebisha usomaji wa betri. Lakini hapa kuna mtego kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika. Sasisho la BIOS likikatwa katikati, bodi inaweza kufa kabisa. Unayefanya kazi hiyo ni yuleyule ambaye betri yake inaweza kuzima ikisema 40. Kama huna UPS (kifaa cha akiba ya umeme) au umeme wa kuaminika siku hiyo, liache mpaka betri ipone au ibadilishwe.

Kusawazisha

Ukishajua kwamba ugonjwa ni wa hesabu, tenga siku. Chagua siku ambayo huna kazi ya haraka na hakuna taarifa ya mgao wa umeme mtaani kwako.

Ondoa kikomo cha kuchaji kama kipo. Chaji hadi 100, kisha iache kwenye chaja saa mbili zaidi. Saa hizo zina kazi: zinaipa betri muda wa kujaa hasa, kupoa, na chipu kuusoma mwisho wa juu kwa utulivu. Zima usingizi wa mashine kwenye mipangilio ya umeme ili isilale njiani. Chomoa chaja na uitumie kwa kazi za kawaida, wala usiisukume kwa michezo mizito, maana mzigo mkubwa huizimisha kabla ya mwisho halisi.

Ikifika karibu na 10, hifadhi kila kitu, zima, kisha washa ukiingia kwenye BIOS: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Iache hapo kwenye ukurasa wa mipangilio, bila kugusa kitu. Ukiwa ndani ya BIOS hakuna Windows ya kuilaza kwenye asilimia 5, na hakuna faili lililofunguliwa la kuharibika. Itakunywa chaji polepole mpaka ijizime yenyewe. Usishangae ikikaa hivyo muda mrefu. Mara nyingine ndiyo ile chaji uliyokuwa ukinyimwa.

Ikishazima, iache ipumzike saa tano hivi. Kisha ichomeke ikiwa imezimwa, ijae hadi 100 bila kuchomolewa. Washa, toa ripoti nyingine, na uilinganishe na ya kwanza. Namba ya "FULL CHARGE CAPACITY" inapaswa kuwa imebadilika. Ikipanda, furahi. Ikishuka, usilalamike: betri haikuharibika jana, jana ndipo ilipoanza kusema kweli. Na 20 yake sasa itakuwa 20 ya kuaminika, jambo ambalo kwa mtu anayefanya kazi gizani lina faida kuliko 80 ya uongo. Betri nyingine huhitaji mzunguko wa pili ndipo zitulie.

Kampuni kadhaa zimerahisisha. Kwenye ThinkPad, programu ya Lenovo Vantage ina kitufe cha "Battery Gauge Reset" kinachofanya kazi yote chenyewe, mradi mashine imechomekwa kwa saa nyingi mfululizo. HP huwa na vipimo unavyoviingia kwa kubonyeza Esc kisha F2 mashine ikiwa inawaka. Kipimo cha betri kinaweza kukujibu "Calibrate" au "Replace", na kwa hili nakiamini kuliko mafundi wengi. Dell huonyesha hali ya betri ndani ya BIOS kwa daraja, kuanzia "Excellent" hadi "Poor".

Usiifanye iwe desturi ya kila wiki. Kuimaliza betri ya lithiamu hadi chini kunaichosha, kwa hiyo fanya pale tu asilimia zinapoanza kuruka, au ukiweka betri mpya. Mac za siku hizi hazihitaji kabisa zoezi hili.

Ukilazimika kununua

Kama baada ya mizunguko miwili bado inazima kwenye 30, acha kuitesa na kujitesa. Nunua betri.

Usinunue kwa jina la laptopu tu. Chomoa ya zamani, soma namba ya modeli iliyoandikwa juu yake, na utafute namba hiyohiyo. Kisha tazama volti. Zilizoandikwa 10.8 na 11.1 kwa kawaida huenda pamoja, na 14.4 huenda na 14.8, lakini usichanganye kundi la 11 na kundi la 14 hata muuzaji akiapa. Kulinganisha ukubwa, tumia wati-saa badala ya mAh. Betri ya volti 11.1 yenye mAh 4,400 ni wati-saa 49 hivi. Ukikutana na inayojidai kubeba mara mbili ya hiyo ikiwa na umbo lilelile na uzito uleule, hiyo ni karatasi tu imeandikwa.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba iwekwe kwenye mashine na utoe ripoti ileile ya `powercfg` hapohapo kaunta. Usitosheke na "CYCLE COUNT" kuwa sifuri, kwa kuwa chipu ya betri feki huandikwa chochote. Tumia wiki ya kwanza kuisawazisha na kuipima kwa saa na kalamu, ukiwa bado ndani ya muda wa garantii. Muuzaji asiyetoa hata garantii ya mwezi mmoja anajua anachouza.

Kuna mafundi wanaofungua betri ya zamani na kubadilisha seli tu. Bei yake inavutia, lakini chipu ya zamani inabaki na kumbukumbu zake za zamani, na nyingine hujifunga kabisa zikitenganishwa na seli. Bila kifaa maalumu cha kuiandika upya utakuwa na seli mpya zenye hesabu ileile mbovu, tena zilizounganishwa kwa mikono ndani ya kitu kinachoweza kuungua. Sishauri.

Na ukienda kununua laptopu ya mtumba, omba ripoti ya betri kabla ya kutoa pesa mfukoni. Inachukua chini ya dakika moja. Muuzaji akikataa, ondoa bei ya betri mpya kwenye bei aliyokutajia, au nenda duka la pili.